Jembe Likiwa Hewani, Tazama Miguu

Siku hizi mtoto akirusha jembe mara mbili na kulidaka, ukumbi mzima unasimama. Akina mama wanapiga vigelegele, akina baba wanakimbilia mbele kutuza, na mshereheshaji anatangaza kwamba tumepata kipaji cha taifa. Nimeyaona hayo kwenye mahafali ya watoto hapa Mwanza na ng'ambo ya pili ya ziwa, Kamanga hadi Sengerema, na kila mara naondoka nimekereka. Mtoto anayesifiwa hivyo mara nyingi hajui bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Anajua kurusha jembe. Nani atamwambia, kama mzazi wake mwenyewe haoni tofauti?

Nawaandikia wazazi hao hasa, wale ambao mtoto wao tangu anaamka habari yake ni ngoma tu, anapiga mdundo kwenye ndoo, anatunga vizibo vya soda kwenye kamba na kuvivaa miguuni akisema ni njuga. Mtoto wa namna hiyo ni amana. Msaada wa kwanza anaouhitaji kwako ni jicho. Mavazi na nauli vitafuata. Mtoto wa miaka saba hucheza huku akimchungulia mama yake pembeni ya uwanja. Akisifiwa kwa kitu duni atakirudia hicho hicho mpaka kimkae mwilini, na kukitoa ni kazi ya miaka.

Basi anza hapa. Jembe likipaa, macho ya watu wote yanapaa nalo, na hapo ndipo mchezaji mbovu anapojificha. Wewe shusha macho, utazame miguu. Miguu ya mtoto aliyefundwa haijui kama jembe limetoka mkononi: kisigino kinaendelea kugonga ardhi palepale ngoma kubwa inapolia, goti limelegea, njuga zinatoa sauti ile ile iliyokuwapo kabla ya kurusha. Mchezaji wa mahafali husimama. Husimama kidogo tu, mdundo mmoja au miwili, shingo ameikunja nyuma na viganja amevitanguliza kama anayengoja embe lianguke. Akishalidaka anaanza kutafuta ngoma imefika wapi. Wakati huo watu wamekwisha kupiga makofi, na yeye ameamini kwamba amecheza.

Mdundo ule mmoja uliopotea ndiyo ngoma yenyewe. Bugobogobo ni ngoma ya shambani, ya vikundi vya vijana waliolimiana mashamba kwa zamu, na ilipamba moto zama za pamba. Ngoma zilipigwa palepale shambani, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja kwenye mstari mmoja. Aliyesimama kungoja katikati ya mstari ule aliwaharibia wenzake wote, na jembe la jirani lingeweza kumkuta mguuni. Kurusha ni pambo la mwenye nguvu za ziada, ambaye mwili wake unaendelea kulima huku mkono ukicheza. Ukiondoa kulima unabaki na mtu anayechezea chuma.

Yuko mzee mmoja wa Kisesa, manju wa zamani, aliyekuwa akiwapima watoto kwa kuwapa mgongo. Aligeuza kigoda chake akaelekea barabarani, watoto wakacheza nyuma yake, naye akasikiliza njuga. "Wa mwisho kulia amerusha," alisema bila kugeuka, kwa sababu njuga za yule zilikuwa zimenyamaza. Siku moja akacheza binti ambaye mzee hakumtaja jioni nzima. Mama yake akanuna, akidhani mwanawe amepuuzwa. Ngoma zilipowekwa chini mzee akamwuliza mpigaji yule binti karusha mara ngapi. Akaambiwa ni mara nyingi kuliko wenzake wote. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akamwita mama mtu akampa mkono. Huyo mama alielewa siku hiyo kile ambacho wazazi wengi hawakielewi mpaka mtoto anaacha kucheza.

Matapeli nao wanakijua kipimo hiki, ndiyo maana wametafuta njia ya kukizunguka. Nimemwona mwalimu aliyempanga mpiga ngoma wake kwamba jembe likipaa tu, amwage mfululizo wa haraka usio na mdundo wa kushika, kisha aangushe pigo kubwa jembe likitua kiganjani. Ukumbi ulilipuka. Mtoto hakukosa mdundo kwa kuwa mdundo wenyewe ulikuwa umeondolewa chini ya miguu yake. Ngoma inayomfuata mchezaji namna hiyo ni ngoma iliyokufa, na mpigaji anayekubali kuipiga hastahili kushika mkwaju. Wengine hujaza njuga miguuni mwa kila mtoto mpaka hakuna anayesikika peke yake. Wengine, na hawa ndio wengi siku hizi, huweka spika na muziki wa kurekodiwa. Ukiona spika, mchukue mwanao mwondoke. Mtoto hawezi kujifunza kuisikiliza ngoma isiyoweza kumsikiliza yeye.

Kuhusu jembe lenyewe. Mtoto aanze na mpini mtupu, usiozidi kiuno chake, na akae nao mpaka uanze kumchosha kwa urahisi wake. Kisha apewe jembe lililolika, lile ambalo bibi yake ameshalimia mpaka limebaki dogo, ambalo makali yake yamekwisha na uzito wake umekaa karibu na mpini. Hakuna jembe bora la kumfundishia mtoto kuliko hilo, na haliuzwi dukani. Majembe ya bati au mbao laini yanamdanganya mkono kwa sababu ni mepesi na hayaadhibu kosa. Na jembe lililopakwa rangi ya fedha ni dalili ya kikundi kibovu. Sijapata kuona kikundi kizuri chenye majembe ya kung'aa.

Mtoto aimbe. Asiyeimba hachezi, anafanya mazoezi ya viungo. Na uso wake uachwe: tabasamu la kufundishwa ni kosa.

Wazazi wa mjini huniuliza kama haya yanahusu pia mtoto aliyeona baleti kwenye televisheni akaipenda. Yanahusu kabisa. Nairobi wametutangulia katika hilo. Mike Wamaya amefundisha baleti kwa watoto wa Kibera katika chumba cha darasa, madawati yakisogezwa kando, watoto peku. Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda, alitoka Nairobi mpaka shule ya English National Ballet jijini London. Mwalimu mwema wa baleti hamruhusu msichana kusimama juu ya ncha za vidole kabla mifupa na misuli ya mguu haijakomaa vya kutosha, na kwa kawaida hiyo ni kuanzia miaka 11 au 12. Mwalimu anayempandisha mtoto wa miaka minane kwenye viatu vile ili wazazi wapige picha ni ndugu wa yule anayempa mtoto wa miaka minane jembe zima. Wote wawili wakimbie. Mwulize mwalimu yeyote mtoto wako atakaa muda gani bila kuruhusiwa kile anachokitamani. Akikujibu kwamba mwezi ujao ataonekana jukwaani, umepata jibu lako.

Najua kutafuta makofi si jambo geni Usukumani. Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19 walioanzisha vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, walishindania watu. Pande mbili zilicheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Watu walileta dawa, wakaleta maajabu, wacheza nyoka wa Bagoyangi wakaleta chatu. Lakini umati ule ulikuwa wa wakulima. Walikuwa wameshika jembe tangu alfajiri na mwili wao ulijua mdundo uko wapi, kwa hiyo walipohama upande mmoja kwenda mwingine walikuwa wametoa hukumu. Umati wa mahafali unahama kufuata simu iliyopo mbele. Padri David Clement, yule Mkanada aliyejenga parokia ya Bujora miaka ya 1950 na kuanzisha makumbusho ya Wasukuma hapo mwaka 1968, aliuheshimu ushindani ule kiasi cha kuuingiza kwenye sherehe ya Ekaristi. Alielewa kwamba ngoma inahitaji siku nzima na watu wanaojua. Baadaye vikundi vya taifa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, viliipandisha bugobogobo jukwaani mbele ya wageni, na nawashukuru kwa kuitangaza. Lakini jukwaa lina dakika chache, na katika dakika chache kinachobaki ni kurusha. Walimu wetu wengi wa leo wameijifunza kutoka jukwaani, hawakuijua shambani, na inaonekana miguuni mwa watoto wetu.

Wewe mzazi, usiingie uwanjani kutuza katikati ya wimbo. Kila noti unayoibandika kwenye paji la uso wa mtoto inamsimamisha, nawe ndiye uliyemvunjia mdundo. Ngoja wimbo uishe, umtuze mpiga ngoma kwanza, mtoto aone nani anayeheshimiwa. Simu iweke mfukoni, maana kwenye picha utaliona jembe tu. Akirudi nyumbani usimwambie amerusha juu sana. Mwambie ulizisikia njuga zake, na kama hukuzisikia, nyamaza mpaka uzisikie. Na msimu wa kilimo ukifika, mpe tuta lake dogo alime. Mtoto aliyelima msimu mmoja, hata robo eka ya viazi, anachezea mgongo tofauti na yule anayekutana na jembe ukumbini. Hili halina mbadala, hata kwa watoto wa mjini, wa mtaa wa Capri Point.

Juni mpeleke Bulabo, ile sherehe ya Ekaristi yenye mashindano ya ngoma pale Bujora. Bujora iko Kisesa, kilomita zisizozidi 20 kutoka mjini kwa njia ya Musoma; mnaotoka Kamanga vukeni na kivuko cha kwanza, kwa sababu vikundi vizuri huanza kabla jua halijawa kali na havingoji wageni rasmi. Msitafute viti vya mbele. Simameni ubavuni mwa wapiga ngoma, mahali ambapo kishindo kinaingia kifuani, na mkae hapo hata mtoto akilalamika kwamba haoni vizuri. Usimwonyeshe kidole wapi atazame. Mkiwa njiani kurudi mwulize ni mchezaji gani aliyempenda. Akikutajia aliyerusha juu kuliko wote, aendelee na mpini mtupu mpaka mwaka mwingine. Akikutajia mtu ambaye wewe hukumwona kabisa, mnunulie njuga, za chuma, chache, za mguu mmoja kwanza.