Mganga Hajigangi: Mwalimu Majisifu, Walimu Wakuu wa Fasihi Teule na Swali la Dhamana

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, katika makala haya nakuomba tumtazame upya mhusika ambaye wengi wetu hupenda kumpita haraka darasani. Mhusika huyo ni mwalimu. Tunampita haraka kwa sababu anatuhusu. Ni rahisi kwetu kumchambua Mtemi Nasaba Bora na unyakuzi wake wa ardhi, maana hakuna mtemi katika chumba cha walimu. Mwalimu Majisifu, kinyume chake, ana kiti katika kila chumba cha walimu, kuanzia hapa Voi hadi Taveta.

Swali langu ni hili: mtu aliyepewa dhamana ya kuongoza watoto wa wenzake, huku nyumba yake mwenyewe inamwakia moto, fasihi yetu inamhukumu vipi? Na sisi tunawafunza watahiniwa wamhukumu vipi?

Mwalimu mkuu yuko wapi?

Tuanze na kiongozi wa shule mwenyewe. Ukimtafuta mwalimu mkuu katika vitabu teule vya miaka ya karibuni, utampata, lakini utampata pembeni. Chukua diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda (2016). Katika "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro, Samueli anafika ofisini kuchukua matokeo yake na mwalimu mkuu anampokea kwa baridi. Katika "Masharti ya Kisasa" ya Alifa Chokocho, Dadi, mchuuzi wa samaki, anamshuku mkewe Kidawa, ambaye ni metroni shuleni, kwamba ana uhusiano na Mwalimu Mkuu. Wivu unamsukuma kwenda kuchungulia usiku, na mwisho wake ni kuanguka na kuumia.

Tazama basi jinsi viongozi hawa wawili wanavyoonekana. Mmoja tunamwona kwa macho ya mwanafunzi aliyeshindwa. Wa pili tunamwona kwa macho ya mume mwenye wivu. Hakuna anayetufikisha nyumbani kwake. Hatujui walilala vipi, wana wagonjwa au wana madeni. Mwalimu mkuu katika hadithi hizi ni mlango wa ofisi tu. Watahiniwa wengi huandika kuwa Mwalimu Mkuu wa "Masharti ya Kisasa" ni "mzinzi". Ukiwauliza ushahidi, wanakupa shaka za Dadi! Shaka ya mhusika si ushahidi wa mwandishi. Hadithi hiyo inahusu wivu wa Dadi na masharti ya ndoa yake, na kiongozi wa shule anabebeshwa tuhuma bila kupewa sauti ya kujitetea. Hilo nalo ni somo kwa kila mwenye cheo: maisha yake ya faragha husemwa na walio nje ya dirisha.

Kwa hiyo, ukitaka kumwona mwalimu akiwa shuleni na nyumbani kwa wakati mmoja, lazima umwendee mwalimu wa kawaida. Ken Walibora, aliyefariki mwezi Aprili mwaka wa 2020, alituachia mfano mzuri katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea (2012), iliyokuwa riwaya teule kabla ya Chozi la Heri kuchukua nafasi yake.

Majisifu shuleni na nyumbani

Jina lenyewe ni majazi. Majisifu anajisifu. Anajulikana kama mwandishi na msomi, ni nduguye Mtemi, na jamii ya Sokomoko inamheshimu kwa kalamu yake. Lakini darasani tunakutana na mlevi. Kuna siku haingii kabisa, na akiingia pombe imekwisha kutangulia. Mwandishi anatumia kinaya hapa: mtu wa kuwafungua watoto macho, yeye mwenyewe amefumba.

Nyumbani, yeye na mkewe Dora wamejaliwa watoto wenye ulemavu. Dora analia na kulalamika kuhusu majaliwa yake. Majisifu hawakubali watoto wake, na anaikimbia nyumba kwa kukimbilia chupa. Wafanyakazi wa nyumbani hawadumu. Hatimaye anakuja Imani, msichana aliyepoteza jamaa na makao, naye anawalea watoto wale kwa upendo.

Hapa ndipo penye jibu ambalo nimelisahihisha mara nyingi kiasi cha kulikariri. Mtahiniwa anaulizwa kueleza sababu za ulevi wa Majisifu, naye anaandika: "Majisifu alilewa kwa sababu watoto wake walikuwa walemavu." Sisi walimu tunaweka alama ya vyema na kusonga mbele. Mimi nami nilikuwa nikiweka. Nilikoma siku ambayo msichana mmoja wa Kidato cha Nne, anayetembea kwa magongo, aliinua mkono baada ya jibu hilo kusomwa kwa sauti, akaniuliza: "Mwalimu, kwa hivyo mtoto ndiye aliyemlewesha babake?" Darasa zima lilinyamaza. Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutalirudia kesho, nikaenda nyumbani kuisoma riwaya tena.

Nilichokipata ni kwamba riwaya yenyewe imemjibu msichana yule, na imemjibu kwa njia tatu.

Kwanza, mwandishi amemweka Imani katika nyumba ile ile, na watoto wale wale. Mzigo ni mmoja. Imani hana mshahara wa mwalimu, hana jina la msomi, na msiba wake mwenyewe ni mzito kuliko wa Majisifu. Hata hivyo hanywi wala hakimbii. Anawaosha, anawalisha, anawapenda. Ikiwa ulemavu wa watoto ndio unaoleta ulevi, mbona haukumlevya Imani? Kwa kuwaweka wahusika hawa wawili sambamba, mwandishi ameondoa udhuru wa Majisifu. Kilichomlevya si watoto bali ni namna alivyowatazama: kama aibu kwa jina lake kubwa. Na hapo majazi ya jina yanapata uzito wake kamili. Anayejisifu hawezi kuvumilia asichoweza kujisifia.

Pili, kuna wizi wa mswada. Majisifu alichukua kazi ya Amani na kuichapisha kwa jina lake mwenyewe. Kosa hili haliwezi kuelezwa kwa shida za nyumbani. Hakuna mtoto aliyemshika mkono akanakili. Kwa hiyo msomaji anapopewa udhuru wa nyumba, mwandishi anamwekea ushahidi mwingine kando: tabia ya mtu huyu ina ufa ambao ni mkubwa kuliko machungu yake.

Tatu, anapoalikwa kutoa mhadhara chuo kikuu nje ya Tomoko, anaadhirika. Pale hakuna Dora wala watoto, kuna yeye na elimu yake. Kidagaa kinamwozea mbele ya watu wasiojua lolote kuhusu nyumba yake.

Nilirudi darasani kesho yake nikamjibu msichana yule: hapana, mtoto hakumlewesha. Tangu siku hiyo siweki alama kwa jibu lile isipokuwa mtahiniwa aongeze neno: "Majisifu alichukulia ulemavu wa watoto wake kuwa aibu, akaukimbilia ulevi." Neno moja tu, "alichukulia", linamwondolea mtoto lawama na kumrudishia mwenyewe.

Je, tusimhurumie?

Mwalimu mwenzangu mmoja alinipinga vikali tulipozungumza jambo hili. Aliniambia: "Wewe unamhukumu Majisifu kana kwamba mwalimu si binadamu. Nani humwuliza mwalimu ameamkaje?" Hoja yake ni nzito na siwezi kuipuuza. Sote tunajua wenzetu wanaoongoza idara na shule huku wana mgonjwa kitandani, au ndoa iliyovunjika, au mshahara ulioliwa na mkopo kabla haujafika. Sote tunajua pia njia ya mkato inakoelekea: kwenye mangwe za mnazi jioni, au kwenye muguka. Mwezi Mei mwaka wa 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walitangaza kupiga marufuku muguka, na kesi zikafika mahakamani. Mjadala ule ulihusu vijana zaidi, lakini sisi tunaosomesha tunajua haukuwahusu vijana peke yao.

Tena riwaya yenyewe inamuunga mkono mwenzangu kwa kiasi fulani. Majisifu habadiliki kwa adhabu. Anabadilika kwa sababu mtu alikaa naye, akawapenda watoto wake mbele ya macho yake, akamwonyesha kuwa inawezekana. Anaacha pombe. Anakiri wizi wake. Ukimlinganisha na nduguye Mtemi, aliyeshindwa kukubali kosa na kuishia kujinyonga, utaona kuwa mwandishi anatofautisha wakosaji wawili: anayeungama anabaki hai.

Tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege inaendeleza hoja hiyo hiyo. Yona alikuwa mwalimu, pombe ikamtoa kazini. Yeye na Sara walisimangwa kwa kukosa mtoto, na walipopata mabinti wakasimangwa kwa kukosa mwana wa kiume. Shinikizo lile lilikuwa la kweli. Lakini aliyepigwa ni Sara, na anayeugua moyo ni Sara. Hata hapa tamthilia inatutaka tushike mambo mawili kwa pamoja: jamii ilimkosea Yona, na Yona alimkosea Sara. La kwanza halifuti la pili.

Hivyo namjibu mwenzangu: huruma inatueleza kwa nini mtu alianguka. Haitwambii nani alipe hasara. Kanuni za maadili ya walimu za TSC za mwaka wa 2015 hazimruhusu mwalimu kuwa mlevi kazini, na hazina kifungu cha huzuni. Nadhani ni sawa, maana aliye mbele yake ni mtoto. Lakini kanuni hizo hazitoshi zikiwa peke yake. Shule inayongoja mwalimu aanguke ndipo imwandikie barua, nayo imeshindwa na dhamana yake.

Upungufu wa riwaya

Sasa niseme jambo ambalo silipendi sana katika riwaya hii ninayoipenda. Uponyaji wa Majisifu umekuja kwa bei nafuu, na aliyeilipa ni Imani. Msichana maskini, mfanyakazi wa nyumbani, ndiye anayembeba msomi mzima hadi utu uzima. Na wanafunzi wake je? Wale waliokaa darasani wakimngoja, vipindi vilivyopotea, mitihani waliyoikabili bila kuandaliwa? Tunamwona Majisifu akipatana na watu wa nyumbani kwake na na Amani, lakini darasa lake halipewi nafasi ya kusema. Fao naye, mwalimu aliyepita kwa mtihani aliofanyiwa na mwingine kisha akamtia mimba mwanafunzi, anaonyesha kuwa mwandishi aliujua ubovu wa shule. Hata hivyo wanafunzi wanabaki kivuli.

Huenda ni kusudi. Katika maisha pia, mwalimu akitubu, mkewe hupata mume, watoto hupata baba, na shule husema "tunashukuru". Kidato cha Nne cha mwaka ule kimekwisha ondoka.

Hitimisho na ushauri kwa mtahiniwa

Mtahiniwa mpendwa, ukikutana na swali la alama ishirini kuhusu mwalimu kama huyu, usiandike orodha ya sifa na kuishia hapo. Fanya mambo matatu. Onyesha shida ya mhusika na uitolee mfano. Onyesha mhusika mwingine aliye na shida kama hiyo au zaidi, lakini akatenda tofauti. Kisha onyesha nani aliumia. Ukifanya hivyo utakuwa umechambua, hukusimulia tu.

Nawe mwalimu mwenzangu, tusiruke kurasa za Majisifu. Wanafunzi wetu wanaotoka Kasighau, Mwatate na Mbololo wanajua kunusa kabla hatujafungua mdomo. Wahenga walisema mganga hajigangi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikusema mganga asitafute mganga mwenzake.

Maswali ya kujadili darasani

1. "Watoto si sababu, watoto ni kisingizio." Jadili kauli hii kwa kumrejelea Mwalimu Majisifu. (alama 20)

2. Linganisha Majisifu na Mtemi Nasaba Bora kwa namna kila mmoja anavyokabili kosa lake. (alama 10)

3. Eleza jinsi Mwalimu Mkuu katika "Masharti ya Kisasa" anavyojulikana kwa msomaji kupitia wahusika wengine. Je, tunaweza kumhukumu? (alama 10)