Tahakiki ya Mwongozo wa Barua Pepe na Kalenda

Mwongozo uliomfikia mwandishi wa makala haya ulitafsiriwa kwa ajili ya watumishi wa ofisi moja ya umma, ili uwafunze kutumia Outlook katika kupeleka barua pepe na kupanga vikao. Nia yake ni njema, na Kiswahili chake kwa jumla ni fasaha. Walakini mfasiri amezitafsiri istilahi neno kwa neno, kana kwamba ofisi zetu hazikupata kuandikiana barua kabla ya kompyuta.

Tuanze na nakala. Mwongozo unasema “nakala ya kaboni” na “nakala ya kaboni kipofu”. Karatasi ya kaboni ilikwisha toweka mezani, na vijana wengi hawajaiona. Barua za serikali, kwa upande mwingine, zina neno “Nakala:” chini ya sahihi tangu zamani, nalo latosha. Ama hiyo ya pili, upofu wahusuje? Karani mmoja, asiyeelewa maana yake, aliiacha nafasi hiyo tupu akaorodhesha anwani za waombaji kazi wote katika nafasi ya nakala ya wazi, kila mwombaji akawajua washindani wake. Wako wanaopendekeza “nakala ya siri”, lakini neno Siri lina kazi yake maalumu katika masjala, kwenye majalada yaliyopigwa mhuri huo. “Nakala fiche” yafaa zaidi: mpokeaji amefichwa, yaliyomo hayakufichwa. Vivyo hivyo kichwa cha barua: mwongozo umebuni “mstari wa somo”, ilhali kila mwandishi wa barua rasmi anaijua “Yah:”.

Kosa zito zaidi lipo katika kalenda. Programu hutenga mambo mawili: shughuli unayojiandikia wewe peke yako, na kikao ambacho mwaliko wake hupelekewa wengine ili wakubali au wakatae. Mwongozo unayaita yote “miadi”. Sasa miadi kwa Kiswahili ni mapatano ya watu wawili au zaidi; hakuna anayeweka miadi na nafsi yake. Msomaji akiandika “miadi” ataamini kwamba wenzake wamekwisha arifiwa, kumbe hakuna aliyepata habari. Tunapendekeza “shughuli” kwa ile ya kwanza na “mwaliko wa kikao” kwa ya pili.

Halafu saa. Mfano uliochapwa wasema: “Kikao saa 3 asubuhi; andika 3:00, kisha chagua alama ya kabla ya adhuhuri.” Kompyuta haihesabu saa kwa kuchomoza jua kama tuhesabuvyo sisi. Kikao kilichoandikwa hivyo kiliwekwa saa tisa usiku, na kwa kuwa programu kwa kawaida hukumbusha dakika 15 kabla, simu za wajumbe zililia saa tisa kasoro robo, watu wakiwa wamelala. Saa tatu asubuhi hazikulia. Mfasiri alitakiwa aeleze kwamba saa yetu na saa ya mashine zapishana kwa saa sita, na kwamba mtambo waweza kupangwa uonyeshe saa 24. Hata hivyo ni vema mwandishi wa mwaliko aandike zote mbili katika kichwa: “Kikao, saa 3 asubuhi (09:00)”. Ahakikishe pia kwamba majira yaliyochaguliwa ni ya Nairobi, yaani saa tatu mbele ya yale ya kimataifa. Ndiyo yale yale ya Dar es Salaam na Kampala.

Sehemu ya kurejesha barua iliyokwisha tumwa imeitwa “futa kutuma”, jina linaloahidi mno. Barua hurejeshwa ndani ya mfumo wa taasisi moja tu, na hata humo haifaulu daima. Iliyovuka nje haifuatiki. “Jaribu kurejesha” lingekuwa jina la kweli. Mwenye mkono mwepesi na afuate dokezo la ukurasa wa mwisho, ambalo mfasiri amelieleza vizuri kuliko yote: kuweka kanuni ya kuchelewesha kila barua kwa dakika chache kabla haijatoka.