Sentimita za Mwisho: Mbinu za Samaki Walanyama wa Ziwa Nyasa

Samaki mlanyama wa Ziwa Nyasa ana shida ambayo chui wa nchi kavu haijui: mwendo wake humtangulia. Maji yana uzito unaokaribia mara 800 ya ule wa hewa, na samaki anaposonga mbele husukuma wimbi dogo ambalo windo hulihisi kwa mstari wa vihisio unaopita ubavuni mwake. Tena kwenye miamba ya mwambao wa Mbamba Bay na Liuli maji huwa maangavu, na jicho huona mita nyingi mbele. Windo limeona na limehisi kabla mwindaji hajafika. Kwa hiyo sehemu ngumu ya kula nyama katika ziwa hili si kuuma, ni kukaribia. Tofauti nyingi kati ya walanyama wake, za umbo, rangi na tabia, zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kama majibu mbalimbali ya swali hilo moja.

Wakazi wa Kingerikiti na milima ya Mbinga hulijua ziwa zaidi kupitia usipa mkavu unaopandishwa kutoka ufukweni. Usipa ni mlaji wa viumbe wadogo wanaoelea majini, na yeye mwenyewe ni chakula cha karibu kila mlanyama wa maji ya wazi. Ziwa lina kina cha takribani mita 700, lakini chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni. Mapambano yote ya kula na kuliwa yamebanwa katika tabaka la juu, humo humo ambamo mamia ya spishi za jamii ya sikilidi, ndugu wa perege, zimezuka na hazipatikani penginepo duniani.

Kinywa ndicho chombo cha kwanza, na ufundi wake unastahili kutazamwa polepole. Sikilidi mlanyama hamshiki windo kwa meno kama mbwa anavyofanya. Hufungua kinywa ghafla, taya la juu likachomoka mbele, sakafu ya kinywa ikashuka na vifuniko vya matamvua vikatanuka. Nafasi ya ndani huongezeka kwa sehemu ndogo ya sekunde, shinikizo hushuka, na maji hukimbilia ndani yakiwa yamembeba windo. Meno ya mbele huzuia tu asitoroke. Nyuma, kooni, kuna taya la pili lenye meno yake, linalompokea windo na kumsukuma kuelekea tumboni. Kwa kuwa kazi ya kumeza imehamishiwa kooni, taya za mbele zimebaki huru kubadilika kwa kazi ya kukamata, na hapa pana sababu moja kubwa ya sikilidi kuwa na njia nyingi hivi za kujilisha.

Mfyonzo huo una mpaka mkali. Nguvu yake hupungua haraka sana mbali na midomo. Kwa umbali unaozidi upana wa kinywa kilichofunguliwa, maji hayavutwi kiasi cha kumsogeza windo. Samaki mwenye kinywa cha upana wa sentimita mbili anatakiwa kufika sentimita mbili kutoka kwa chakula chake. Sentimita hizo za mwisho ndizo zinazoamua.

Jibu la kushangaza kuliko yote ni la Nimbochromis livingstonii, ambaye upande wa Malawi huitwa kaligono. Hufikia urefu wa sentimita 25 hivi, na mwili wake una mabaka ya kahawia juu ya rangi hafifu, unaofanana na mzoga ulioanza kuoza. Samaki huyu hajisogezi kwa windo. Hujishusha mchangani, akalala kwa ubavu na kutulia kabisa, pengine kwa dakika kadhaa. Samaki wadogo wanaozoea kudonoa mabaki hukaribia kukagua. Wakifika mbele ya kinywa, kaligono hurusha kichwa kwa pembeni na kuwafyonza. Mtafiti Kenneth McKaye aliieleza tabia hiyo mwaka 1981 kutokana na uchunguzi uliofanywa ziwani. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba inaligeuza tatizo zima: mwendo unaosaliti sasa ni wa windo, na mwindaji hasukumi wimbi lolote mpaka wakati wa pigo.

Dimidiochromis compressiceps amechagua kujificha wima. Mwili wake ni bapa kupita kiasi, hivyo akitazamwa kutoka mbele huonekana kama mstari mwembamba tu. Hukaa kati ya nyasi za majini zenye majani marefu membamba, kichwa kikiwa kimeinama chini, akisubiri samaki wachanga wapite. Spishi za Rhamphochromis, ndefu, zenye rangi ya fedha na meno makali, hutegemea mbio katika maji ya wazi, na usipa ni miongoni mwa mawindo yao. Mbasa mkubwa naye hula usipa ziwani kabla ya kupanda mito kama Ruhuhu kutaga mayai.

Wapo wanaokula nyama bila kuua. Corematodus shiranus ana meno madogo yaliyopangwa kwa safu pana kama tupa, na chakula chake ni magamba anayoyakwangua kwenye mikia ya perege. Rangi na umbo lake vinafanana na perege hao hao, na kwa hiyo huogelea katikati ya kundi bila kushtukiwa. Kwenye miamba, Genyochromis mento hunyakua magamba na vipande vya mapezi ya samaki wengine. Windo la namna hii hubaki hai, jeraha hupona, na chakula huota upya.

Spishi za Caprichromis zimelenga mahali ambapo sikilidi wengi huweka hazina yao: kinywani mwa mama. Jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki kadhaa. Caprichromis humjia kwa ghafla na kumgonga kwa kichwa sehemu ya mdomo, mama hutema baadhi yao, na mshambuliaji huwala papo hapo. Hapa si lazima kumkaribia kifaranga kabisa. Inatosha kumfikia aliyembeba.

Usiku kanuni hubadilika, kwa sababu sikilidi hupumzika mianyani mwa miamba na macho yao hayawasaidii sana. Kampango, kambare anayeweza kukaribia urefu wa mita moja, hupapasa giza kwa sharubu zake. Mormyrops anguilloides hutumia umeme: hutoa mipigo hafifu kutoka kwenye kiungo kilicho mkiani na kuhisi jinsi vitu vilivyo karibu vinavyoipotosha. Sikilidi hawana vihisio vya umeme, hivyo humulikwa bila kujua. Watafiti Matthew Arnegard na Bruce Carlson walionyesha mwaka 2005 kwamba samaki hawa huwinda kwa vikundi katika ziwa hili na hubadilishana mipigo wanapokutana tena baada ya shambulio. Ni miongoni mwa mifano adimu ya samaki wanaowinda pamoja wakiongozwa na umeme.

Baada ya kukamata, kazi iliyobaki ni fupi. Miiba ya pezi la mgongoni hulala mwindaji akimeza windo kwa kutanguliza kichwa, na kusimama akimeza kwa kutanguliza mkia, kwa hiyo walanyama wengi hugeuza windo kwanza. Utumbo wao ni mfupi ukilinganishwa na wa wala mwani, maana nyama humeng'enywa upesi.

Mbinu za mchana zote, tangu mzoga wa uongo wa kaligono hadi sare ya Corematodus, zinahitaji maji yanayopitisha mwanga. Rangi isiyoonekana haimdanganyi yeyote. Mito inayoshuka kutoka milimani hubeba udongo zaidi pale miteremko inapolimwa bila makinga maji, na udongo huo huishia kwenye mchanga na miamba ya ufukweni. Maji yakichafuka, wa kwanza kupoteza ni wawindaji wa macho, ambao ndio wengi na wengi wao ni wa pekee duniani. Wa sharubu na wa umeme huendelea kuwinda humo humo gizani.