Pongezi kwa waongoza watalii wa Alabama

Waongoza watalii wa Alabama wanastahili pongezi, hasa wanaoteremsha kundi zima kwenye basi mjini Selma na kulivusha kwa miguu Daraja la Edmund Pettus. Limebinuka katikati, anayeanza kupanda haoni ng'ambo. Ndivyo ilivyokuwa Machi 7, 1965: waandamanaji wapatao 600 waliodai haki ya kupiga kura walifika juu ndipo wakawaona askari wakiwasubiri. Mmoja wa waandamanaji, John Lewis, alipigwa rungu, fuvu likapasuka.

Picha haziwezi kumwonyesha mtu mwinuko ule.

Huko Birmingham, kundi hufika kanisa la 16th Street Baptist, ambako bomu liliua wasichana wanne mwaka 1963. Mwongozaji hodari hutaja majina yao yote, kisha hujibu maswali ya wanafunzi bila kumharakisha yeyote kurudi garini.