Hitilafu Inayojificha: Sifa za Fundi wa Magari wa Kisangani

Miongoni mwa hitilafu zote zinazoweza kulipata gari, hakuna inayoipima akili ya fundi kama ile ya gari linalowaka vizuri asubuhi, likagoma saa sita mchana, kisha jioni likawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Hitilafu ya kudumu hujifichua yenyewe, kwa kuwa fundi akiigusa leo ataikuta na kesho. Lakini hitilafu ya vipindi, ambayo huja na kuondoka bila kuaga, humlazimu kutafuta kitu ambacho mara nyingi hakipo wakati kinapotafutwa. Kazi hiyo ya kutafuta ni elimu kamili yenye kanuni na maadili yake, na Kisangani, mji mkuu wa mkoa wa Tshopo nchini Kongo, ni mahali ambapo thamani ya elimu hiyo huonekana wazi kuliko katika miji mingi.

Magari yanayohusika hapa ni yale ya zamani ambayo hayatumii kabureta, yaani chombo kinachoiacha hewa ivute petroli yenyewe kuelekea kwenye injini, bali hutumia mfumo wa kunyunyiza, ambamo pampu husukuma petroli kwa shinikizo hadi kwenye injekta, ambazo ni pua nyembamba za kuigeuza iwe ukungu mwepesi. Afrika Mashariki iliufahamu mfumo huu mapema, kwani Peugeot 404 iliyompa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, ushindi wa mbio za Safari mwaka 1966 na 1967, ilikuwa na pampu ya kunyunyiza iliyoendeshwa na injini yenyewe. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa D-Jetronic, unaoongozwa kwa umeme, na mwaka 1973 ikafuata K-Jetronic, ambao injekta zake hunyunyiza mfululizo maadamu injini inazunguka, na ambao ulienea katika magari kama Mercedes-Benz 230E na Peugeot 505 STI.

Kisangani haifiki hata nyuzi moja kaskazini mwa ikweta, mvua huinyeshea karibu kila mwezi, na mzigo unaotoka Kinshasa kwa maji hupanda Mto Kongo kwa takriban kilomita 1,700, ilhali ule wa mashariki hupita barabara ndefu ya msituni. Palipo na maduka ya vipuri kila mtaa, fundi mvivu anaweza kubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine mpaka gari liwake, akaiita bahati hiyo ufundi. Lakini pale ambapo pampu moja husubiriwa kwa majuma, na mara nyingi haiwezi kurudishwa ikibainika kwamba haikuwa yenye kosa, kufikiri kabla ya kununua si anasa bali ndiyo njia pekee isiyomfilisi mwenye gari.

Kufikiri huko huanza kwa maswali, si kwa spana. Fundi humuuliza dereva gari hugoma likiwa limepoa au limepata moto, baada ya mvua au wakati wa jua, baada ya kusimama dakika kumi au usiku kucha, na kama mafuta yalinunuliwa kituoni au kwenye madumu ya wauzaji wa kando ya njia, ambao katika miji ya Kongo huitwa kadhafi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na dereva anayeficha kwamba gari lilikwishapita gereji nyingine humpotezea fundi siku nzima, kwa sababu waya ulioungwa ovyo na mkono uliotangulia huweza kuwa ndiyo hitilafu yenyewe.

Swali linalofuata huigawa kazi pande mbili: gari linapogoma, stata huzunguka au haizunguki? Isipozunguka, au ikizunguka kwa unyonge, lawama huiendea betri, swichi, stata yenyewe au waya mnene unaoiunganisha injini na ncha hasi ya betri. Waya huo hudanganya wengi, kwa kuwa uliooza ndani na kubakiwa na nyuzi chache hupitisha vizuri umeme mdogo wa taa ya kupimia, lakini hauwezi kubeba mamia ya ampea yanayohitajiwa na stata. Ndiyo maana fundi mwerevu huupima wakati uleule stata inapozunguka, akiweka mita kati ya injini na ncha hasi ya betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya au viungo vyake vina kosa, hata kama kwa macho vinang'aa.

Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isiwake, kinachokosekana kwa kawaida ni cheche au petroli. Cheche hujaribiwa kwa plagi iliyotolewa na kugusishwa kwenye chuma cha injini, na katika hewa yenye unyevu kama ya Tshopo, ndani ya kifuniko cha distribyuta, kinachogawa cheche kwa silinda, ni mahali pa kutazamwa mapema. Petroli huanza kuchunguzwa kwa sikio: stata inapozunguka, pampu iliyo karibu na tangi inapaswa kuvuma, na ikinyamaza ilhali fyuzi ni nzima, shaka huiangukia relei, yaani swichi inayotumia umeme mdogo kuruhusu umeme mkubwa upite. Lehemu za ndani ya relei hupasuka baada ya miaka mingi ya kupata moto na kupoa, zikawa zinagusana asubuhi na kuachana mchana.

Gari linalogoma likiwa na moto tu, kisha likakubali baada ya kupumzika, lina siri nyingine ambayo joto la ikweta huikuza. Injini inapozimwa, maji ya kuipoza husimama, na joto lililokuwa ndani yake hupanda hadi kwenye mabomba ya mafuta. Petroli isiyo na shinikizo huanza kuchemka karibu nyuzi 35 hadi 40, kwa hiyo K-Jetronic ina vali inayozuia mafuta yasirudi kwenye pampu, pamoja na tungi dogo lenye springi linalohifadhi shinikizo baada ya injini kuzimwa. Kimojawapo kikivuja, mabomba hujaa mvuke, na stata italazimika kuzunguka kwa muda mrefu kabla petroli halisi haijafika. Dawa yake ni kufunga mita ya shinikizo, kuzima injini yenye moto, na kuitazama sindano kwa nusu saa; ikianguka upesi, fundi huziba njia moja baada ya nyingine hadi aijue inayovuja.

Hata hivyo, kuna hitilafu isiyokubali kutokea mbele ya fundi. Wavuvi Wagenia, kwenye maporomoko yaliyo kando ya mji, hawamkimbizi samaki, bali hutega vikapu vyao pale ambapo maji hayana budi kupita. Na fundi hufanya kama wao anapounganisha taa moja ndogo kwenye waya wa pampu na nyingine kwenye waya wa koili ya cheche, akaziweka mbele ya dereva, ili siku gari litakapogoma, taa isiyowaka iseme ni umeme upi uliokatika. Pengine huipasha relei moto kwa makusudi, au huzitikisa nyaya injini ikiwa inafanya kazi, kwani asiyeweza kuirudisha hitilafu kwa hiari yake hana haki ya kusema kwamba ameiponya.

Kwa hiyo, gari likipona kwa kulehemu upya kiungo kimoja cha relei bila kipuri chochote kununuliwa, mwenye gari asidhani kwamba hakukuwa na kazi. Amlipe fundi kwa ajili ya fikra iliyomwokolea bei ya pampu, na shule za ufundi ziwafundishe vijana kupima kabla ya kuwafundisha kufungua.