Njia Mbili, Mkondo Mmoja

Robo fainali ya ubao wa theluji ya Olimpiki, kule Zhangjiakou, 8 Februari 2022, mliiona. Lee Sang-ho wa Korea Kusini, aliyeongoza mchujo mbele ya wote, anashuka na Vic Wild. Wanavuka mstari pamoja kiasi kwamba jicho haliwezi kuamua. Saa inaamua: Wild, kwa 0.01 ya sekunde. Lee anafungasha ubao wake, Wild anaendelea hadi shaba. Wengi wakasema ndiyo michezo. Mimi nasema Lee hakutolewa na Wild. Alitolewa na kanuni mbovu kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwa mchezo huu, ile ya kumaliza mchuano wa slalomu kubwa sambamba kwa mkondo mmoja tu.

Tuitazame hiyo 0.01 kwa karibu. Ubao unaokwenda kilomita 60 kwa saa unapita sentimita 17 hivi katika muda huo, na ubao wenyewe una urefu wa sentimita 180 na ushei. Kwa hiyo tofauti ya Lee na Wild haifiki hata sehemu ya kumi ya ubao mmoja. Inaweza kupatikana kwa kuunyoosha mkono mbele mapema kidogo kwenye mstari, au kupotea kwa kona moja iliyotetereka juu kabisa ya mteremko. Sina ugomvi na saa. Ugomvi wangu ni kwamba sentimita hizo 17 zilipimwa kati ya watu wawili walioshuka kwenye ardhi mbili tofauti, kisha kila mmoja akaambiwa aende zake bila kuonja ardhi ya mwenzake.

Njia hizo mbili sambamba, nyekundu na ya buluu, hazijawahi kulingana, wala hazitalingana. Mpangaji anaweza kupima umbali wa lango na lango kwa futi kamba hadi aridhike, lakini hawezi kuipima theluji iliyo chini yake. Upande mmoja umepigwa na jua zaidi, mwingine una kinundu pale lango la sita. Na kuna jambo ambalo watu wa skii hawalijui kwa sababu wao wanatazama mbele kwa miguu yote miwili: sisi tunasimama ubavu. Anayetanguliza mguu wa kushoto hukata kona ya kushoto kwa visigino na ya kulia kwa vidole. Anayetanguliza wa kulia, kinyume chake. Kona ya visigino ndiyo inayoumbua watu. Hata ukiwa na buti ngumu za plastiki na vifungio vilivyogeuzwa zaidi ya nyuzi 50, nyonga upande huo haina nafasi ile ile, na ukichelewa kuweka uzito, makali yanaanza kupiga kelele: tatatata, ubao unaruka juu ya barafu badala ya kuichonga. Sasa mteremko ukiinama kidogo kushoto, kona ya kulia inaikuta ardhi ikikimbia chini ya ubao. Kwa mmoja hiyo ni kona ya vidole, atajikaza na kupita. Kwa mwingine ni ya visigino, na hapo ndipo medali inapopotelea. Njia ile ile, lango lile lile, adhabu mbili.

Halafu kuna mifereji. Mwenye muda bora wa mchujo ndiye anayechagua njia, na wote wenye akili huchagua ile ile. Kufikia robo fainali njia hiyo imekwisha chimbwa karibu na vijiti vifupi vya malango, mfereji juu ya mfereji, na anayefika baadaye anashuka kwenye reli alizotengenezewa na wengine. Njia iliyokuwa nzuri asubuhi si lazima iwe nzuri mchana.

Najua watakachosema: Lee alikuwa wa kwanza, hivyo uchaguzi ulikuwa wake, na aliyechagua mwenyewe hana haki ya kulalamika. Hoja hiyo inanichosha. Kumpa bingwa wa mchujo haki ya kubahatisha theluji itakavyokuwa baada ya watu kadhaa kupita si zawadi, ni kumtwisha mtego. Akipatia, watasema ameshinda kwa sababu ya njia. Akikosea, amejitakia. Na Wild, kwa upande wake, hakuwahi kuulizwa angefanya nini kwenye njia ya pili. Hatujui. Hatutajua.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wenye kanuni wenyewe wanaijua dawa, maana wanaitumia saa chache kabla. Katika mchujo kila mmoja anashuka mara mbili, mara moja kila njia, na muda unajumlishwa. Yaani ili kupata nafasi ya 16 lazima uthibitishe pande zote mbili, lakini ili kupata dhahabu upande mmoja unatosha. Ni kama kuchezesha makundi kwa nyumbani na ugenini, kisha fainali ikachezwa nusu saa kwenye uwanja wa mmoja wao.

Msidhani namtetea Lee kwa sababu ni Lee. Miaka minne kabla ya hapo, PyeongChang, kisu hicho hicho kilimkata Žan Košir: nusu fainali, mkondo mmoja, Lee mbele kwa 0.01. Lee akapata fedha, medali ya kwanza ya Korea kwenye theluji katika Olimpiki, na uwanja mzima ukalipuka. Nililalamika hata siku ile, ingawa nilionekana mchawi wa furaha za watu.

Mkumbukeni Jasey-Jay Anderson. Cypress Mountain, Olimpiki ya Februari 2010, ukungu na mvua, theluji laini kama uji. Mkondo wa kwanza wa fainali Benjamin Karl anamwacha kwa 0.76. Kwa kanuni ya leo Mkanada huyo, mwenye miaka 34, angekuwa amemaliza kazi na Karl angekuwa bingwa. Lakini wakati ule walibadilishana njia, Karl akafunguliwa lango kwanza, Anderson baada ya 0.76, na aliyefika chini wa kwanza ndiye mshindi. Anderson alifika mbele kwa 0.35. Mnaosema mkondo mmoja umeletwa ili mtazamaji wa televisheni aelewe, niambieni ni mtazamaji gani asiyeelewa kwamba wa kwanza kufika chini ameshinda.

Au mwulizeni Wild mwenyewe. Sochi 2014, slalomu sambamba, nusu fainali: mkondo wa kwanza amepitwa na Karl yule yule kwa sekunde 1.12. Pengo la namna hiyo kwenye slalomu ni bonde. Akabadilisha njia, akashuka, akashinda kwa 0.04, kisha akachukua dhahabu yake ya pili ya wiki ile. Je, ilikuwa miguu au ilikuwa njia? Kwa mikondo miwili swali hilo linajijibu, kwa kuwa kila mmoja amepewa zote mbili. Wild ni mtoto wa mikondo miwili aliyekuja kuvuna kwenye mkondo mmoja.

 

Watu wa skii walijaribu kutuonyesha kwamba hata mikondo miwili haisaidii. Cortina, mashindano ya dunia ya 2021: njia moja ilikuwa na kasi kupita nyingine waziwazi, na malalamiko yakafuata. Lakini pale waliweka kikomo: hata ukimwacha mwenzako kwa sekunde nzima, ulibeba nusu sekunde tu kwenda mkondo wa pili. Kosa lilikuwa kikomo. Bebesha pengo lote, kama Sochi walivyombebesha Wild 1.12, na njia mbovu inajifuta yenyewe.

Hapa ningependa kuongeza neno juu ya vifaa, kwa sababu vimeficha tatizo. Tangu mbao zenye metali ya titanali zienee, na baadaye mabamba ya kuinua vifungio juu ya ubao, mtu anaweza kuvuka mfereji ambao ungemtupa mpanda ubao wa zama za Karine Ruby, aliyetwaa dhahabu ya Nagano mwaka 1998. Bamba linaacha ubao ujipinde bila buti kuuzuia, mtikisiko haufiki gotini, na wenye kanuni wanaangalia picha na kusema njia iko sawa. Haiko sawa, imemezwa na chuma. Chris Klug mwaka 2002 alikatikiwa kifungo cha buti kabla ya kuwania shaba, akakiunga kwa utepe, akashinda. Yule alikuwa anausikia kila mfereji.



Tufanye hesabu basi, kwa wale wanaosema hakuna muda. Kuanzia 16 bora hadi fainali, pamoja na wanaowania shaba, kuna michuano 16. Mkondo ni sekunde 40 hivi. Mkondo wa pili kwa wote hao ni sekunde 640 za mbio, hazifiki dakika 11. Kati ya mchuano na mchuano siku ile ya Zhangjiakou tulionyeshwa marudio mangapi ya mtu akifunga buti?