Nyeusi ya Bayeye, buluu ya Monet

Ingia kwenye msonge wa Kisukuma saa nane mchana, jua la Shinyanga likiwa limepamba moto nje. Mwanzoni huoni kitu. Macho yakizoea, kinachojitokeza kwanza ni cheupe na cheusi. Rangi nyingine hujivuta. Bayeye, wacheza nyoka wa Usukuma, walichora ndani ya nyumba kama hizo. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alitoa kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953.

Rangi zao ni tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Nyoka, watu na wanyama wamelazwa bapa ukutani. Hakuna kivuli wala saa ya siku, na maana yake aliijua aliyeingizwa kwenye chama.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet alishika njia nyingine. Mwaka 1890 alianza kuchora marundo ya ngano yaleyale karibu na nyumbani kwake Giverny, akiwa na kanvasi kadhaa. Nuru ikigeuka, anaweka hii chini na kushika nyingine. Kesho saa ileile anairudia ya jana. Kazi hiyo ya shambani ilirahisishwa na tyubu ya bati aliyoibuni Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841, ya kukamuliwa kama dawa ya meno. Kabla yake rangi ya mafuta ilihifadhiwa kwenye kibofu cha nguruwe. (Ile hadithi kwamba Monet alimaliza kila kitu palepale juani msiiamini: kanvasi nyingi alizirudia chumbani.)

Alipotaja rangi zake mwaka 1905, nyeusi haikuwemo. Kivuli cha rundo alikijenga kwa buluu na zambarau, akizipanga kwa viboko vifupi kando ya manjano na machungwa, kisha akaliachia jicho lichanganye lenyewe.

Ujanja huo una gharama. Chukua mchoro wake wa 1872 wa jua linalochomoza bandarini Le Havre, ule uliolipa kundi lake jina la Impreshonisti. Uondoe rangi kwa simu, ubaki mweusi na mweupe: lile jua la machungwa linakaribia kupotea, kwa sababu mng'ao wake ni sawa na wa anga linalolizunguka. Limebebwa na rangi peke yake. Kitundike kitu hicho kwenye msonge usio na dirisha, kitakufa. Nyoka mweusi kwenye ukuta mweupe ataonekana hata mlango ukiwa umerudishwa nusu.

Kwa hiyo anayeziita rangi tatu za Bayeye umaskini hajaingia ndani. Nyeusi ambayo Monet aliitupa ndiyo mfupa wa ukuta wao, na kwa nuru waliyokuwa nayo walichagua sawasawa.

Karatasi za Cory zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wachoraji wa Shinyanga na Geita, zifuateni.